Vikaratasi vya Mtakatifu Philoxenus

Katika parokia za Turkana, kila jumuiya ndogo ndogo ina mtakatifu wake msimamizi. Anayeishi kandokando ya barabara ya A1, kutoka Lodwar kupita Kakuma hadi mpakani Nadapal, hahitaji kuelezwa habari hizo. Lakini ukiuliza Wakristo wa kale waliwaendeaje watakatifu, wengi hukimbilia visa vya mashahidi, ambavyo vingi viliandikwa baadaye sana na kutiwa chumvi. Mimi naamini zaidi majalala.

Kuanzia 1896, Waingereza Bernard Grenfell na Arthur Hunt walifukua majalala ya Oxyrhynchus, mji wa kale wa Misri. Walipata vipande vya mafunjo kwa maelfu, kwa kuwa huko mvua ni haba mno na mchanga mkavu haukuviozesha.

Kimojawapo, cha karne ya 6, ni ombi fupi kwa Mungu wa Mtakatifu Philoxenus, msimamizi wa mwombaji na wenzake: je, wampeleke mgonjwa aitwaye Anoup katika hospitali ya mtakatifu huyo? Vingine viwili vina mwandiko mmoja. Kimoja kinauliza kama ni mapenzi ya Mungu mtu aizungumzie kazi ya benki. Cha pili kinauliza kama si mapenzi yake. Mwaka 1975, Herbert Youtie alionyesha kuwa ni jozi: mwombaji alipeleka vyote kanisani, na kilichorudi mkononi mwake ndicho kilichokuwa jibu. Kupiga kura kwa jina la mtakatifu! Katekista wa leo angekunja uso.

Ipo pia ratiba ya ibada ya mwaka 535 na 536, inayotaja ibada ifanyike katika kanisa gani siku gani, kanisa la Philoxenus likiwamo. Na risiti ya 587 inaonyesha hospitali ya Abba Elias ikipokea ngano kutoka kwa jamaa tajiri ya Apion.

Philoxenus alikuwa nani hasa, wataalamu wanabishana hadi leo. Kisa chake hakijulikani vizuri. Kinachojulikana ni kwamba watu walimpelekea wagonjwa na mashaka yao ya kazi. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko kitabu kizima cha miujiza.

Basi makatibu wa jumuiya, ratiba zenu za misa na risiti za michango msizichome. Ziwekeni mahali pasipofikiwa na mchwa.