Ketoni (3): Pete ya Zambarau

Siku ya Kisukari Duniani huwadia kila 14 Novemba. Redioni tunahimizwa kupima sukari, na ni vyema, ila ketoni hazitajwi. Wiki jana tuliona jinsi ini linavyotengeneza ketoni kwa mafuta insulini ikikosekana. Leo tuingie maabara tuone zinavyopimwa.

Wafugaji wengi wa Moi's Bridge huzijua ketoni kwa ng'ombe aliyetoka kuzaa, anayekataa chakula na kupunguza maziwa. Daktari wa mifugo hutia mkojo au maziwa kwenye unga wa Rothera, na ketoni zikiwamo unga hugeuka zambarau.

Unga huo una historia ninayoienzi. Mwaka 1865 mtafiti Gerhardt alitumia kloridi ya chuma kutafuta ketoni, mkojo ukawa mwekundu. Lakini aliyemeza dawa ya jamii ya aspirini alitoa rangi hiyohiyo. Mtafiti mwingine, Legal, akaleta kemikali ya nitroprusidi mwaka 1883. Kisha mwaka 1908 Rothera akaushibisha mkojo kwa salfeti ya amonia, akatia nitroprusidi, akamwagia amonia taratibu juu yake, na pete ya zambarau ikajichora mkojo na amonia vilipokutana. Alfred na Helen Free wa Elkhart, Marekani, walipotoa kijiti cha kupimia sukari ya mkojo mwaka 1956, njia ilikuwa wazi kwa kijiti cha ketoni, kilichobeba nitroprusidi ileile. Maarifa ya zaidi ya karne yamo ndani ya kichupa, nasi tunakiacha wazi vijiti viharibiwe na unyevu! Huo ni uzembe.

Kijiti huona ketoni aina ya asetoasetati, hakioni aina ya beta-hidroksibutirati, ambayo ndiyo nyingi mgonjwa wa kisukari anapozidiwa. Kwa hiyo rangi hafifu isimrudishe mtu nyumbani. Kipimo cha damu huiona beta-hidroksibutirati: chini ya milimoli 0.6 kwa lita ni kawaida, 3.0 au zaidi kwa mwenye kisukari ni hatari, aende hospitali mara moja. Aliyefunga, au mjamzito anayetapika sana, huweza kuwa na ketoni bila kisukari, ndiyo maana sukari hupimwa pamoja nazo.

Mtoto anayetapika, anayehema kwa nguvu na kukojoa kupita kiasi huchukuliwa upesi kuwa ana malaria au nimonia. Mzazi, usiondoke zahanati kabla hajapimwa pia sukari na ketoni.