Polisi wa Wanawake na Watoto: Lakini Kwanza kwa Munganga

Ndugu mfanyakazi, ukisikia neno polisi unafikiri bariere, amande na kasho. Hatukulaumu. Lakini Polisi ya Taifa ya Kongo ina kikosi chenye kazi nyingine: kulinda watoto na kupigana na ubakaji. Watu wa Bukavu wanamkumbuka Koloneli Honorine Munyole, waliyemwita Mama Koloneli. Aliongoza kikosi hicho kule, kisha akahamishwa Kisangani, na mwaka 2017 Dieudo Hamadi alitoa filamu juu ya kazi yake. Mbele ya polisi wa namna hiyo, mama au mtoto anaweza kueleza shida yake bila kuchekwa.

Sasa tuseme jambo baya limefika kwako. Binti wa jamaa amebakwa njiani akitoka shambani. Unaenda wapi kwanza?

Wengi wanaenda kwa shefu. Wazee wanaitwa, wanakaa, wanasikilizana, mkutano unarudishwa kesho. Siku tatu zinapita, na mtoto bado hajaonwa na mtu wa afya. Hapo ndipo kuna hatari kubwa, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya sida zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Aliyebakwa Ijumaa jioni, mwisho wake ni Jumatatu jioni. Tena usingoje hiyo Jumatatu. Kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa. Akishaanza, atameza kila siku, siku 28, bila kuruka hata moja.

Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia mpaka siku 5, na hiyo pia ni bora mapema. Kuna dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya tetanosi, na chanjo ya ugonjwa wa ini wa aina B. Hata kama saa 72 zimepita, mlete. Bado kuna mengi ya kutibu, na moyo wake pia unahitaji mtu wa kumsikiliza.

Kuna maneno yanayotembea kwamba bila karatasi ya polisi huwezi kutibiwa. Si kweli! Matibabu hayangoji karatasi ya mtu yeyote. Kama kituo cha karibu hakina dawa hizo, muulize muuguzi akutume mara moja kule zilipo, na utafute pikipiki siku hiyo hiyo.

Mama, najua jambo la kwanza unalotaka ni kumwogesha mtoto. Kama unaweza, ngoja kwanza apimwe. Nguo alizovaa usizifue. Zifunge ndani ya karatasi au kitambaa safi, si ndani ya mfuko wa plastiki, kwa maana humo zinaoza. Kama amekwisha kuoga, mlete vilevile.

Munganga ataandika yote aliyoona. Maandishi hayo ndiyo yatakayosaidia polisi, na sasa ndiyo saa ya kwenda kwao. Omba kuonana na opeje, yaani afisa wa polisi mwenye kazi ya uchunguzi, na kama kuna polisi mwanamke, omba awe naye. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zinamfunga afisa huyo: akipokea malalamiko ya ubakaji, lazima ajulishe parke ndani ya saa 24. Uchunguzi wa kwanza usipite mwezi mmoja. Adhabu ya ubakaji ni kifungo cha miaka 5 mpaka 20. Mtoto chini ya miaka 18 hawezi kuambiwa kwamba «alikubali». Na sheria hizo hazimsahau mwanaume: kijana wa kiume aliyetendewa hivyo ana haki sawa, na dawa ni zile zile.

Wengine watakuja na mbuzi, au na amande, wamalize jambo nyumbani. Wewe baba, sikia vizuri. Tangu 2006, kulipa amande hakufungi kesi ya ubakaji. Hata ukila mbuzi, parke inaweza kuendelea na kazi yake. Na mbuzi hazuii sida wala mimba.

Sisi wa Kashebere tuko na shida yetu: upande huu Masisi, upande ule Walikale. Mtu anaweza kuambiwa, «Hiyo ni ya wale wa ng'ambo.» Omba malalamiko yaandikwe pale ulipo, kisha faili itumwe kwa wanaohusika. Kwa munganga, mpaka haupo. Tena kuna vita. Goma ilishikwa na M23 Januari 2025, na Machi mwaka huo vita ikafika mpaka Walikale mjini. Kwa hiyo si kila mahali utakuta polisi waliokuwa pale zamani. Ukikosa polisi, usirudi nyumbani. Nenda kutibiwa, tunza karatasi ya munganga mahali pakavu. Malalamiko yanaweza kupelekwa baadaye, lakini zile saa 72 hazirudi.

Kipimo cha sida kinafanywa siku ya kwanza, kisha kinarudiwa baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3. Andika tarehe hizo ukutani, na umsindikize.