Kiharusi Asubuhi, na Daraja Limejaa

Asubuhi ya siku ya kazi, mtaa wote wa Bombolulu, Mombasa, huelekea upande mmoja. Matatu kutoka Mtwapa na Bamburi hupita stegi zikiwa zimeshajaa, huenda zikakwama Kongowea, kisha zikajipanga kuvuka Daraja la Nyali kuingia kisiwani. Saa hizo hizo, kati ya alfajiri na adhuhuri, ndizo kiharusi huwapata watu wengi kuliko saa nyingine za siku. Presha hupanda mtu anapoamka, na damu nayo huganda kwa wepesi zaidi. Coast General, hospitali kubwa ya rufaa ya serikali kwa Pwani nzima, iko ng'ambo ya daraja hilo.

Kwa mkazi wa Bombolulu, basi, kuijua dalili ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufika, na kufika huanzia nyumbani, kwa mtu wa kwanza aliyeona kwamba mambo si sawa.

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo, ingawa kinachoonekana kupooza ni mkono na mguu. Ubongo ni mdogo, kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Hauna akiba. Mshipa unaoupelekea damu ukizibwa na donge la damu iliyoganda, au ukipasuka na damu ikamwagika ndani ya kichwa, sehemu iliyokosa damu huanza kufa hapo hapo. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu ya hasara hiyo kwa kiharusi cha kawaida cha mshipa mkubwa ulioziba: seli za ubongo milioni 1.9 kila dakika isiyotibiwa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaoshika lugha. Kwa hiyo mtu aliyepooza kulia mara nyingi hupotewa na maneno pia.

Dalili kubwa hazihitaji daktari kuziona. Mjukuu wa miaka kumi anaweza. Bibi ameketi kwenye mkeka, kikombe cha chai kimemtoka mkononi, anasema ni uchovu tu. Mjukuu amwambie, "Nyanya, hebu cheka nione meno." Aangalie pembe mbili za mdomo: zimepanda sawa, au moja imebaki chini? Amwambie afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayepokea kitu. Ahesabu hadi kumi. Mkono wenye hitilafu hautaanguka kwa kishindo. Utashuka polepole, kiganja kikigeuka kutazama chini, na mwenyewe pengine hajui kwamba umeshuka. Halafu bibi aseme sentensi nyepesi, kwa mfano, "Leo jua ni kali Bombolulu." Ulimi ukiwa mzito, maneno yakichanganyika, au akikutazama tu kama hakusikia, msisubiri dalili ya pili. Moja kati ya hizo tatu, ikija ghafla, inatosha kuita gari.

Neno la kushika hapo ni ghafla. Kuna pia jicho kupoteza nuru ghafla, kuyumba na kushindwa kutembea bila sababu, na kichwa kuuma kwa nguvu ambayo mtu hajawahi kuionja. Mwenye kisukari apimwe sukari upesi kama kipimo kipo nyumbani, kwa sababu sukari ikishuka sana huweza kuiga kiharusi, lakini kipimo hicho kisimcheleweshe kuondoka.

Si ugonjwa wa wazee peke yao. Pwani kuna watoto wengi wenye selimundu, na ugonjwa huo unaweza kuziba mishipa ya ubongo wa mtoto mdogo kabisa. Mzazi wa mtoto kama huyo akimwona amelegea upande mmoja asiseme kwamba alilalia mkono vibaya.

Inayodanganya zaidi ni dalili inayokuja na kuondoka. Mzee ameshindwa kuongea kwa dakika kumi, kisha ulimi umefunguka, anacheka na wenzake barazani, na familia nzima inashusha pumzi. Hapo ndipo hatari ilipo. Donge limeziba na kujiachia, na uwezekano wa kiharusi kamili kufuata ni mkubwa hasa katika siku mbili za mwanzo. Mtu huyo anastahili hospitali siku ile ile, hata kama amerudi kula vizuri.

Kwa nini basi wagonjwa huchelewa? Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Gerry Mshana na wenzake, waliozungumza na watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kuhusu kiharusi. Vijijini Hai wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Dar es Salaam, mjini kwenye hospitali kubwa, wengi walitaja mashetani na uchawi. Mombasa si mbali na Dar kwa mambo hayo. Mdomo ukipinda usiku utasikia habari za upepo mbaya na jini la kutumwa, na mgonjwa akapelekwa kuzinguliwa kwanza. Hakuna haja ya kumvunjia mtu imani yake. Dua husomwa hata ndani ya gari, mgonjwa akiwa njiani. Kinachoua ni mpangilio, mganga kwanza na hospitali kesho.

Mengine ni ya kawaida zaidi. Mama hapelekwi mpaka mtoto wa kiume arudi kutoka bandarini. Au anapelekwa kliniki ya mtaani isiyo na mashine ya skani, anatundikiwa dripu, na saa tatu zinakatika.

Skani ndiyo kiini cha jambo. Kiharusi cha mshipa ulioziba na cha mshipa uliopasuka hufanana kwa nje, lakini dawa ya huyu inaweza kumuua yule. Ndiyo maana aspirini isitolewe nyumbani. Dawa za presha za ziada nazo zisitolewe, kwani presha ikishushwa kwa pupa, sehemu ya ubongo iliyokuwa inapata damu kidogo huikosa kabisa. Maji, chai au uji vinaweza kuingia mapafuni, maana koo nayo huenda imepooza. Ule ujumbe wa simu unaozunguka kila mwaka, wa kuchoma vidole kwa sindano ili damu itoke, hauna faida yoyote. Alazwe kwa ubavu, hasa akitapika, nguo za shingoni zilegezwe.

Ikionekana kwamba mshipa umeziba, kuna dawa ya kuyeyusha donge. Ilithibitishwa Marekani mwaka 1995 kwa wagonjwa waliofika ndani ya muda wa saa tatu, na mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukaonyesha faida hadi muda wa saa nne na nusu. Dalili zikianza saa mbili asubuhi, mlango huo hufungwa saa sita na nusu mchana, na katikati kuna safari, kusajiliwa, skani na vipimo vya damu. Si kila hospitali inayo dawa hiyo, wala si kila mgonjwa anayefaa kupewa. Hata hivyo aliyechelewa naye apelekwe: hospitali humkinga na homa ya mapafu, humpima koo kabla ya kula, na kuzuia kiharusi cha pili.

Saa huhesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wa kiharusi huamka nacho. Aliyelala saa nne usiku akiwa mzima, akaamka saa kumi na mbili mdomo umepinda, saa yake ni ya usiku. Andikeni saa hiyo kwenye karatasi, bebeni na dawa zake zote, na aende mtu aliyeshuhudia.

Ambulansi ya Msalaba Mwekundu huitwa kwa 1199, na namba ya dharura ya serikali ni 999 au 112. Wakati huo huo jirani mwenye gari aamshwe, na hospitali ipigiwe kuulizwa kama skani inafanya kazi. Ambulansi ikikawia, gari au tuktuk. Bodaboda hapana: mtu mwenye mkono mmoja hawezi kujishika. Na pesa zisimzuie mtu mlangoni. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imelirudia hilo.

Bombolulu inajua thamani ya mkono unaofanya kazi. Tangu 1969 karakana za APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, hapo mtaani zimewapa watu wenye ulemavu kazi ya ngozi, mbao, nguo na mapambo, na zimeonyesha kwamba ulemavu haumalizi maisha ya mtu. Lakini ulemavu mwingi wa kiharusi ungeweza kuzuiwa miaka kabla. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watu wazima Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja, na presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi. Kipimo chake huchukua dakika chache, katika zahanati au duka la dawa, na anayekunywa dawa ya presha hapaswi kuiacha siku anapojisikia nafuu, kwa kuwa presha ya juu mara nyingi haiumi popote.