MASIKA YAMEKWISHA, TUANIKE MAHINDI

Ndugu wakulima wa Sigino na Babati yote, masika ndiyo hayo yamekwisha. Kwa miezi kadhaa tope lilikuwa mlangoni, kuni mbichi, na moshi umejaa ndani. Sasa mlima Kwaraa unaonekana tena na jua linatoka. Asubuhi kipupwe kinauma, hasa mwezi wa sita na wa saba, lakini mchana nguo zinakauka. Nani asifurahi?

Jua hili lina kazi. Mahindi yaliyonyeshewa yana maji ndani, na penye maji na joto huota kuvu. Kuvu wengine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Manyara ndiyo huku kwetu! Sumukuvu huharibu ini: macho huwa ya njano, tumbo huvimba. Haionekani wala hainuki, na kupika ugali hakuiondoi.

Basi tufanyeje? Mahindi yakishakauka mabua, usiyaache shambani yakangoja mvua nyingine. Usiyaanike juu ya udongo. Tandika turubai au mkeka, au jenga kichanja. Jioni yafunike, maana umande wa huku si mchezo. Na ukiyapiga kwa fimbo ndani ya gunia, punje hupasuka. Punje iliyopasuka ndiyo mlango wa kuvu.

Utajuaje kama yamekauka? Wengi hutafuna punje, nayo si njia mbaya kwa mwenye meno. Iko njia nyingine. Chukua chupa kavu ya kioo. Tia mahindi kidogo na kijiko cha chumvi kavu. Funga, tikisa, kisha acha robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani.

Yaliyooza yachague, yatupe. Usiwape kuku, wala usiyapikie pombe. Ng'ombe akiyala, sumu hufika kwenye maziwa, na anayekunywa maziwa hayo ni mtoto wako.

Ghalani yuko dumuzi naye. Mifuko isiyopitisha hewa humuua bila dawa, lakini mahindi yawe makavu kwanza. Ukifungia mabichi humo, umefungia kuvu.

Mbaazi tuziache. Bado ni za kijani katikati ya mabua, mpaka mwezi wa nane au wa tisa.