Mashine ya kupulizia izunguke kama Dreamliner



Juzi kikundi kimoja kilinipigia simu. Mashine ya kupulizia mikorosho ni moja, wanachama 12, ubwiriunga umeshaonekana kwenye maua, na kila mtu anadai zamu ni yake. Nikawaambia tujifunze kwa ndege.

Air Tanzania ilipokea Dreamliner ya kwanza, Boeing 787-8, Julai 2018, na ya pili Oktoba 2019. Ndege kubwa namna ile ikikaa chini hailipi. Ikifika Mumbai kutoka Dar, inashusha watu, inasafishwa, inajazwa mafuta, inarudi. Rubani anapumzika, anashika mwingine. Ila ratiba nzuri huacha muda wa akiba, ili kuchelewa kwa leo kusivuruge safari ya kesho, na huacha siku za matengenezo. Bila hivyo, ndege moja ikiharibika, safari kibao zinakwama.

Sasa kwenye kikundi fanyeni hivi:

1. Zamu ifuate njia, sio cheo. Mashamba jirani yafuatane, msichome mafuta bure kwa kuzunguka.
2. Waendesha mashine wawe wawili, wapokezane.
3. Salfa ya unga hurudiwa baada ya siku 14. Mashamba 12, kila moja siku yake, zinabaki siku mbili: moja ya kuikagua mashine, moja ya akiba.

Mwanachama wa 13 akija, aje na mashine nyingine. Maua hayasubiri kikao, jamani.