Kamionete ya 4x4 kwa mizunguko ya kila siku: mambo ya kupima mbele ya kutoa makuta

Mvua ikinyesha Butembo, kila mtu anajua nani ana 4x4 na nani hana. Kwenye miteremko ya Vulamba na Bulengera, gari ndogo zinabaki chini ya mlima na wenye kuziendesha wanapanda kwa miguu, viatu mkononi. Kamionete inapita. Basi si ajabu kwamba familia nyingi za Butembo na Beni, zikipata makuta kidogo, zinaanza kuota Hilux ao Land Cruiser ya nyuma wazi. Wengine wanauza parseli. Wengine wanaingia katika deni la koperative.

Lakini kuna swali ambalo wengi wanajiuliza nyuma ya kununua: gari ile itafanya nini kila siku? Mtu akihesabu vizuri, anaweza kuona kwamba siku ishirini katika mwezi itapeleka watoto ku masomo, mama sokoni na baba kazini. Mzigo na matope ni siku chache tu. Yafuatayo ni mambo ya kupima mbele ya kuamua.

Kwa nini kamionete inapendwa hapa

Toyota ilianza kutumia jina la Land Cruiser mwaka 1954, na Hilux ilitokea mwaka 1968. Zote mbili zilijengwa juu ya shasi ya chuma iliyo peke yake, na bodi inakaa juu yake. Ndiyo sababu zinavumilia mashimo kuliko gari ndogo, ambamo bodi na shasi ni kitu kimoja. Nyuma kuna lame za chuma zinazobeba uzito bila kulalamika.

Sababu ya pili ni pyesi. Katika maduka ya Butembo, pyesi ya Toyota inapatikana upesi, ya asili ao ya kuiga. Mtu akinunua kamionete ya marke nyingine inayoonekana nzuri zaidi na ya bei nafuu, anaweza kungoja wiki nyingi sensa moja itoke Kampala ao Dubai. Kwa gari ya kila siku, kungoja hivyo ni hasara kubwa.

Hesabu ya mafuta inashangaza

Watu wengi wanaogopa kamionete ju ya mafuta. Tupige hesabu. Hilux ya dizeli, kwa barabara zetu, inaweza kula karibu litre 11 kwa kilometre 100. Gari ndogo ya esansi inaweza kula karibu litre 8. Ni makadirio tu, kwa sababu milima, foleni na mguu wa shofere vinabadilisha yote.

Mtu anayezunguka ndani ya muji kilometre 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafanya kilometre 260. Hilux itamlia karibu litre 29, gari ndogo karibu litre 21. Tofauti ni litre 8 kwa mwezi mzima. Haiwezi kuangusha nyumba.

Sasa chukua mfanyabiashara anayetoka Butembo kwenda Beni na kurudi mara tatu kwa wiki. Kati ya miji hii miwili ni kilometre 54. Kwa mwezi anafanya karibu kilometre 1300. Hapo Hilux inakula litre 143 na gari ndogo litre 104. Tofauti inafika karibu litre 40 kila mwezi, na mwaka mzima ni mapipa mawili na zaidi.

Maana yake, kwa mtu wa mizunguko mifupi, mafuta si adui wa kwanza. Adui ni bei ya kununua, mipira mikubwa ya bei kali, amortisere, na pyesi za sehemu ya mbele ambazo gari ndogo haina hata kidogo. Anayeuza parseli ili apate kamionete anatoa kitu ambacho bei yake inapanda, anapata kitu ambacho bei yake inashuka kila mwaka. Kama kamionete haitaingiza makuta, hesabu hiyo inauma.

4x4 si ya kuacha imefungwa siku zote

Hapa ndipo makosa mengi yanafanyika. Katika Hilux nyingi na Land Cruiser za nyuma wazi, kwa kawaida mipira ya nyuma tu ndiyo inasukuma. Shofere akivuta levye ya 4x4, mbele na nyuma vinafungwa pamoja, vinazunguka kwa mwendo mmoja. Kwenye matope ni sawa, kwa sababu mipira inateleza kidogo na kupumua.

Kwenye lami kavu mambo ni mengine. Gari ikikata kona, mipira ya mbele inapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwa kuwa vimefungwa pamoja na lami haiachi mpira uteleze, nguvu yote inarudi ndani ya bwati na kardani. Volani inakuwa nzito, gari inaruka kidogo, na siku moja kitu kinavunjika. Jambo hili ni la maana sasa ambapo lami inakuja. Kinshasa na Kampala zilikubaliana juu ya kilometre 223 za barabara: Kasindi–Beni kilometre 80, Beni–Butembo kilometre 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma kilometre 89. Kazi zilizinduliwa Desemba 2021. Mtu aliyezoea kufunga 4x4 tangu nyumbani mpaka Kasindi anapaswa kubadilisha tabia.

Jambo lingine: kamionete isiyo na mzigo ni nyepesi sana nyuma. Kwenye udongo mwekundu wenye mvua, mgongo unaweza kuteleza hata kama gari ni ya nguvu. Lame ngumu nazo zinarusha abiria kwenye mashimo. Mafundi wengi watakuambia kwamba mipira mizuri yenye meno inasaidia kuliko levye ya 4x4 juu ya mipira iliyokwisha.

Motere: dizeli ya zamani ao ya kisasa?

Butembo iko juu, zaidi ya metre 1700. Beni iko chini kidogo, metre elfu moja na kitu. Kwenye kimo, hewa ni nyembamba. Motere ya dizeli isiyo na turbo inapata hewa chache, inapoteza nguvu na kutoa moshi mweusi ikipanda. Turbo inasukuma hewa ndani na kurudisha sehemu ya nguvu ile.

Kwa hiyo turbo ni bora? Inategemea mafuta unayotia. Motere za zamani za Hilux kama 2L, 3L na 5L, ao 1HZ ya Land Cruiser yenye litre 4.2, zina pompe ya kawaida. Ni polepole, lakini zinavumilia, na fundi yeyote wa kona anazijua. Motere za kisasa zaidi kama 1KD na 2KD, ambazo ziko katika Hilux za kuanzia miaka ya 2000, zinapiga mafuta kwa presha kali sana kupitia injektere zenye matundu madogo. Zina nguvu na hazili sana, lakini maji kidogo ao uchafu katika dizeli unaziua. Na injektere nne mpya zinaweza kumaliza akiba ya familia.

Anayetia mafuta ya bidoni kando ya barabara, kwa kadhafi, afikiri mara mbili mbele ya kununua motere ya namna hiyo. Akiinunua, filtre ya dizeli ibadilishwe mapema, na maji yaliyokusanyika chini ya filtre yatolewe kila mara.

Volani kuume ao kushoto?

Uganda na Kenya wanaendesha upande wa kushoto, Congo upande wa kuume. Magari mengi yanayotoka Japani yakipita Mombasa na Kampala yana volani kuume. Bei yake mara nyingi inavutia, lakini kuna bei nyingine isiyoandikwa.

Kwanza, ukitaka kupita lori, wewe uko upande wa majani na huoni kinachokuja mbele. Lazima utoe gari yote nje ndipo uone. Pili, abiria wa kiti cha mbele anashuka upande wa kushoto, katikati ya barabara, kunakopita moto. Kama ni mtoto wa shule, hatari inaonekana wazi. Tatu, taa za gari hizo zilitengenezwa zimulike zaidi upande wa kushoto. Kwetu kushoto ndiko wanakotoka wengine, basi unawapofusha usiku.

Congo ina kanuni juu ya volani na umri wa magari yanayoingia. Majirani nao wana zao: Kenya inakataa gari inayopita miaka 8, Uganda inakataa yenye miaka 15 na zaidi. Mbele ya kutoa avansi, uliza ofisi ya DGDA wewe mwenyewe, usimwachie komisionere akujibie.

Karatasi ndizo zinafanya gari iwe yako

Gari yenye plake ya Uganda inayozunguka Beni inaweza kuwa imeingia kwa muda tu. Ukiinunua bila kulipa duane, umenunua matatizo. Mambo ya kuomba ni haya: karatasi ya duane ya Kasindi ao ya mpaka mwingine ilipopita, kate roze yenye jina la muuzaji, vinyeti, kontrole tekniki na asiransi. Tangu sheria ya mwaka 2015, SONAS haiko tena peke yake katika kazi ya asiransi, basi mtu anaweza kulinganisha bei.

Halafu piga magoti, safisha shasi kwa kitambaa, soma nambari iliyochongwa katika chuma. Ilingane na kate roze, herufi kwa herufi. Kama pana alama ya kuchomelea ao nambari imekwaruzwa, simama na uende zako, hata kama bei ni tamu. Mkataba wa kuuza uandikwe mbele ya mashahidi, na kubadilisha jina kufanyike upesi. Gari ikipata ajali ingali na jina la mwingine, nyote wawili mtaitwa.

Siku ya kujaribu

Fika asubuhi, motere ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe mbele yako kufika. Gari iliyochoka inajulikana inapoamka. Moshi wa bluu ni mafuta ya motere yanayoungua. Moshi mweupe usioisha unaweza kuwa maji ao injektere. Fungua kizibo cha mafuta ya motere ikiwa inazunguka: pumzi kali ikitoka pale, segma zimekwisha. Mbele ya kuwasha, angalia kama kuna mafuta yanaelea ndani ya radiatere.

Kisha panda mlima na watu ndani. Jaribu vitesi zote. Tafuta mahali pa udongo, uvute 4x4 na uone kama mipira ya mbele inasukuma kweli, kwa sababu kuna gari ambazo levye iko lakini ndani hakuna kitu. Leta fundi wako, usikubali wa muuzaji. Malipo ya fundi kwa nusu siku ni kidogo kuliko bwati mpya.

Mzigo una mwisho

Hilux ya kabini mbili inaweza kubeba karibu kilo 800, kufuatana na modeli. Katika uzito huo wanahesabiwa pia watu. Watu watano wazima wanaweza kufanya kilo 325. Zinabaki kilo 475, maana yake gunia nne za viazi za kilo 100, na kabichi kidogo. Lakini kila siku zinaonekana kamionete zenye gunia kumi na tano na vijana wanane juu yake. Frein zikichoka katika mteremko, wale walio juu ndio wanaanguka wa kwanza.

Usalama nao uingie katika hesabu. Kwenye RN4, kati ya Beni na Kasindi ao kuelekea Komanda, magari yamechomwa na watu wameuawa, na mara nyingi safari zimefanyika kwa msafara wa wanajeshi. Hakuna 4x4 inayoshinda risasi. Saa ya kutoka, habari za njia na kukaa ndani ya msafara vinalinda kuliko nguvu ya motere. Rangi ya kijani ya kijeshi ni ya kuepuka kabisa.

Basi nani anunue?

Mwenye shamba la kakao Mutwanga ao Mbau, mwenye kupakia mbao ao viazi kila wiki, mwenye nyumba ambayo njia yake inafungwa kila mvua: kwa hao kamionete ni chombo cha kazi, na itarudisha makuta yake. Hilux ya kabini moja, motere rahisi, itawatosha wengi wao.

Anayeishi karibu na barabara kubwa na kubeba mzigo mara mbili kwa mwaka anaweza kununua gari ndogo iliyo juu kidogo, kisha akodishe kamionete siku ya mavuno. Ao abaki na moto kwa sasa na parseli yake ibaki yake. Na kwa yeyote atakayenunua, mafundi wana shauri moja: usimalize makuta yote siku ya kununua. Weka pembeni angalau sehemu moja kati ya tano kwa mipira, filtre, karatasi na ule ugonjwa ambao muuzaji hakuutaja.