Msingi si gofu

Jamaa mmoja wa hapa Quebec, tena Mkongomani mwenzangu, aliona picha ya kiwanja changu cha Beni akacheka: "Miaka yote hiyo, fondasio na majani tu?" Kicheko kile hakijanitoka, basi nijieleze.

Kwetu Kongo, Butembo na Beni, anayesema "nimeweka fondasio", yaani msingi, hazungumzii mawe na simenti peke yake. Anatangaza kwamba kiwanja kina mwenyewe. Sheria ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Wewe unapewa haki ya kuitumia, na unatakiwa uitumie kweli. Kiwanja kitupu hutamaniwa. Halafu kuna jiwe la msingi la wanasiasa: utepe, hotuba, picha, barabara haiji. Pengine hao ndio waliotuharibia jina. Mimi sikudanganya mtu. Mauaji yalianza kuzunguka Beni Oktoba 2014, Ebola ikatangazwa Mangina, jirani na Beni, Agosti 2018, na pesa ya matofali ikawalipia kodi ndugu waliokimbilia Butembo.

Na huku Quebec je? Gonga ukuta wa nyumba ya matofali mtaani kwetu, kwa ndani: mbao! Tofali ni vazi tu, limeshikizwa kwenye mbao kwa vyuma vyembamba, halibebi hata dari. Uzito wote unaishia kwenye zege la chini, tena lazima lishuke zaidi ya mita moja, maana udongo ukiganda huvimba ukainua nyumba. Shimo likishakuwapo wanaligeuza susoli, yaani chumba cha chini ya nyumba: mashine ya kufulia, baiskeli, televisheni kuukuu, na mtoto aliyekosa chumba juu.

Hata hilo zege si la kuapia. Kule Trois-Rivières maelfu ya nyumba zilipasuka misingi kwa sababu kokoto zake zilikuwa na pirotiti, madini yanayovimba yakikutana na maji na hewa. Nyumba ziliinuliwa kwa jeki, zege likavunjwa, likamwagwa upya. Msingi wangu una majani, lakini haujapasuka.

Binti yangu mkubwa, mwenye ufalme wake susoli, haamini kwamba nyumba inaweza kukosa susoli. Amenichorea ramani ya nyumba ya Beni yenye susoli mbili, moja yake na moja ya kumfungia mdogo wake. Mdogo naye ameshadai chumba cha upande wa barabara. Nimewaambia hicho ni cha nyanya yao. Sasa wote wawili wamempigia nyanya simu kunishitaki, naye amekubali kukitoa, kwa masharti yasiyonihusu.